Sanduku la chuma linaloibeba Garissa mtandaoni: Jinsi ruta kubwa zinavyoundwa

BARABARA kuu inayounganisha Nairobi na Garissa ilikatwa na maji mnamo Novemba 2023, wakati mvua za El Nino zilipoufurisha Mto Tana na kufunika sehemu za Madogo na Mororo. Magari yalikwama pande zote mbili na wasafiri wakalazimika kuvuka kwa mashua. Mafuriko yalirejea Aprili 2024, na mashua iliyokuwa ikivusha abiria karibu na Kona Punda ikazama, watu kadhaa wakapoteza maisha.

Katika siku kama hizo, mji uliotengwa na barabara hubaki ukitegemea mawasiliano. Malipo ya serikali ya kaunti hupitia mfumo wa IFMIS unaoendeshwa kutoka Nairobi. Mzee anayetumiwa fedha na mwanawe aliye Minneapolis huzipokea kwa simu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa husoma majarida ya kitaaluma kupitia mtandao wa KENET. Yote hayo, kabla ya kuuvuka mto, hupita ndani ya masanduku machache ya chuma yaliyofungiwa katika vyumba ambavyo mwananchi wa kawaida haruhusiwi kuingia.

Tuseme kadi moja iliyomo ndani ya sanduku hilo iungue usiku, barabara ikiwa imefungwa na kadi ya kuibadilisha iko kwenye ghala jijini Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370. Je, ofisi zitanyamaza hadi maji yapungue? Jibu la swali hilo halimtegemei sana fundi wa zamu ya usiku huo. Lilikwisha kuamuliwa miaka mingi kabla, na mhandisi aliyelichora sanduku, pamoja na afisa aliyetia sahihi hati ya kulinunua.

Sanduku lenyewe huitwa ruta. Kazi yake ni kupokea pakiti za data, kusoma anwani iliyoandikwa kwenye kila pakiti, na kuamua itoke kwa mlango upi ili ifike iendako. Kisanduku kidogo cha plastiki kinachosambaza Wi-Fi nyumbani au kwenye duka la M-Pesa ni ruta pia. Tofauti ni kwamba katika kisanduku hicho kila kitu kimebandikwa kwenye ubao mmoja. Prosesa ikiharibika, au radi ikipiga ule mlango wa waya, kisanduku kizima hutupwa na kingine kununuliwa.

Ruta za taasisi kubwa na za kampuni za simu huundwa kwa njia nyingine. Hizo huitwa ruta za moduli, kwa maana kwamba zimegawanywa katika vipande vinavyoweza kuchomolewa na kuchomekwa kila kimoja peke yake. Kinachovishikilia vipande hivyo pamoja ni fremu ya chuma iitwayo chasisi, neno lile lile ambalo madereva wa malori ya mifugo katika soko la Garissa wanalifahamu vyema. Lori likibadilishwa injini au bodi, chasisi hubaki na nambari yake ni ile ile. Hali kadhalika chasisi ya ruta: kadi huja na kuondoka, nayo inaweza kukaa mahali pake miaka kumi au zaidi.

Fikra hiyo si ngeni kwa wafugaji wa Kaskazini Mashariki. Nyumba ya asili ya Wasomali, aqal, hujengwa kwa miti iliyopindwa na mikeka iliyosukwa, na wanawake wanaoijenga huweza kuivunja, kuipakia juu ya ngamia na kuisimamisha tena malishoni. Mkeka ukichakaa hubadilishwa mkeka. Hakuna anayeichoma nyumba nzima kwa sababu ya mkeka mmoja.

Chasisi ya ruta hutengenezwa kwa upana maalumu ili iingie katika kabati za mitambo zinazotumika ulimwenguni kote. Upana huo ni inchi 19, yaani milimita 482.6, na kimo hupimwa kwa hatua za milimita 44.45. Chasisi ndogo ya taasisi huwa na kimo cha hatua mbili au tatu. Zile za vituo vikuu vya kampuni za simu humfikia mtu kifuani au hata kumpita kichwa, na huhitaji wanaume kadhaa au winchi ili kuinuliwa.

Ndani ya chasisi, upande wa nyuma au katikati, husimama ubao mpana uliojaa soketi. Huu ndio uti wa mgongo wa ruta. Kila kadi inapoingizwa kwenye nafasi yake huteleza juu ya reli mbili hadi meno yake yakutane na soketi za ubao huo, na kutoka hapo hupata umeme na njia ya kuzungumza na kadi nyingine. Wasanifu wazuri hujitahidi kuuacha ubao huo bila vifaa vinavyofanya kazi. Hauwekewi prosesa wala sehemu nyingine yenye kuchemka, huwa ni njia za shaba na soketi basi. Sababu ni moja tu. Kila kitu kingine ndani ya sanduku kinaweza kubadilishwa mtambo ukiwa unaendelea kufanya kazi, lakini ubao huo ukifa, chasisi yote imekufa. Kwa hiyo huachwa mtupu kiasi iwezekanavyo, kwa kuwa kisichokuwepo hakiharibiki.

Hata hivyo una adui mmoja: mkono wa fundi mwenye haraka. Soketi hizo zina pini nyembamba kwa mamia. Kadi ikisukumwa kwa nguvu ikiwa imekaa upande, pini moja hupinda na kugusa jirani yake, na mtambo wenye thamani ya mamilioni ya shilingi huharibiwa na kitu chenye unene wa sindano. Ndiyo maana kadi za ruta hizi huwa na vishikio viwili vya kukunjwa kwenye ncha zake. Vishikio hivyo huisukuma kadi ndani kwa usawa, ili fundi asihitaji kutumia kiganja wala goti.

Pini zenyewe pia hazilingani urefu, na hapo ndipo ulipo ujanja mkubwa wa ruta za moduli. Ndefu kuliko zote ni zile za ardhi na za umeme, na fupi ni zile za data. Kadi inapochomekwa, hukutana kwanza na ardhi, ikafuatia kupata umeme pole pole kupitia saketi inayouzuia usiingie kwa kishindo, na mwisho kabisa ndipo pini za data hugusana. Inapochomolewa mambo hayo hutokea kinyume: data hukatika kwanza na ardhi mwisho. Kutokana na tofauti hiyo ya milimita chache, fundi anaweza kubadilisha kadi saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa katika kituo cha Huduma, bila kuizima ruta na bila watumiaji wa kadi nyingine kujua kwamba kuna lililotendeka.

Kadi zenyewe ni za aina mbili kuu. Kuna zile zenye milango ya nyaya, ambazo hupokea na kutoa data: moja yaweza kuwa na milango ya nyaya za shaba za ndani ya jengo, nyingine ya nyaya za faiba zinazokwenda Nairobi, na nyingine ya kiungo cha redio kinachoelekea Dadaab au Wajir. Kisha kuna kadi ya prosesa kuu, ambayo ndiyo ubongo. Hii huzungumza na ruta nyingine, huchora ramani ya njia zote na kuamua ipi ni fupi au salama zaidi.

Zamani ubongo huo ndio uliokuwa ukiishughulikia kila pakiti. Mfano unaofahamika ni ruta za Cisco za jamii ya 7200, zilizotumika sana na kampuni za intaneti duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na ambazo kampuni hiyo iliacha kuziuza mwaka 2012. Ile ya 7206 ilikuwa na nafasi sita za kadi, tatu kushoto na tatu kulia, prosesa moja nyuma, na vifaa viwili vya umeme. Kadi za kushoto zilitumia mfereji mmoja wa data na za kulia mfereji mwingine. Fundi aliyezijaza kadi nzito zote upande mmoja alishangaa kuona ruta ikikwama ilhali nusu ya nafasi zake zilikuwa wazi. Ilimbidi azipange kama mtu anayemfungia ngamia mizigo, pande mbili zilingane.

Njia ya pili ilipata nguvu mwaka 1998, kampuni ya Juniper ilipotoa ruta yake ya kwanza, M40. Ndani yake kazi ya kufikiri ilitenganishwa kabisa na kazi ya kubeba. Prosesa huchora ramani, kisha nakala ya ramani hiyo hukabidhiwa saketi maalumu ambazo hazijui jambo jingine isipokuwa kusoma anwani na kuisukuma pakiti mlangoni. Muundo huo sasa ndio desturi katika ruta kubwa. Faida yake kwa mahali kama Garissa ni kwamba ikiwa prosesa itajizima na kuanza upya, saketi za kubeba zinaweza kuendelea kupitisha data kwa ramani ya mwisho zilizopewa. Chasisi kubwa huwa na nafasi mbili za prosesa, moja ikifanya kazi na nyingine ikiitazama, tayari kushika usukani.

Ramani hiyo huhifadhiwa katika kumbukumbu maalumu yenye kasi kubwa, na kumbukumbu hiyo ina mwisho. Tarehe 12 Agosti, 2014, idadi ya njia katika orodha kuu ya intaneti ilivuka 512,000, ambacho ndicho kiwango ambacho chasisi nyingi za zamani zilikuwa zimepangiwa. Siku hiyo mitandao kadhaa duniani ilizorota au kukatika, ingawa hakuna waya uliokuwa umekatwa wala umeme uliokuwa umepotea. Mafundi walilazimika kuigawa upya kumbukumbu na kuizima ruta na kuiwasha. Leo orodha hiyo ina takriban njia milioni moja. Ofisi ya kaunti haihitaji kuibeba yote. Ikiwa ina njia moja au mbili tu za kutokea, inatosha kuiambia ruta kwamba kila kisicho cha hapa kipelekwe Nairobi. Muuzaji anayemshawishi afisa wa Garissa kununua kadi yenye kumbukumbu ya kuibeba dunia nzima anamuuzia trela mtu anayehitaji mkokoteni.

Jambo jingine la kuchunguzwa kabla ya kununua ni upana wa njia iliyopo kati ya kadi na uti wa mgongo. Kadi yaweza kuwa na milango 48, kila mmoja wa gigabiti moja kwa sekunde. Jumla ni gigabiti 48. Ikiwa nafasi inayoingia ina njia ya gigabiti 40 pekee, gigabiti nane hazina pa kupita milango yote inapotumika kwa wakati mmoja. Ni kama magari yanayotoka kila mtaa wa mji na kukutana kwenye daraja la Tana. Kasoro hiyo si lazima iwe udanganyifu, kwa kuwa ni nadra milango yote kujaa pamoja. Lakini karatasi ya matangazo huandika idadi ya milango kwa herufi kubwa, na upana wa daraja huandikwa ukurasa wa tisa.

Hayo yote ni sawa iwe ruta imewekwa Nairobi au Oslo. Garissa inaongeza mambo yake yenyewe, na la kwanza ni joto.

Mji huu uko karibu mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari na Machi hewa ya nje huzidi nyuzi 35 za Selsiasi. Ruta nyingi za ofisini hutengenezwa zifanye kazi katika hewa isiyozidi nyuzi 40. Chumba kilichofungwa, chenye paa la mabati na mashine kadhaa zinazochemka, hufikia kiwango hicho bila taabu pindi mtambo wa kupoza hewa unapozimika. Ruta za kampuni za simu hujengwa kwa viwango vikali zaidi, zikiweza kustahimili hata nyuzi 55 kwa muda mfupi. Bei yao ni kubwa. Hata hivyo anayenunua ruta ya nyuzi 40 kwa ajili ya Mandera huku akitarajia kipoza hewa kisife kamwe, anaweka dau kwenye kipoza hewa.

Ndani ya chasisi, kazi ya kupambana na joto imeachiwa trei ya feni. Kadi hupangwa zikiwa zimetenganishwa ili hewa ipite kati yake kama upepo kati ya nyumba. Katika miundo mingine hewa huingia mbele na kutokea nyuma. Katika mingine, ikiwemo ile ya 7200, huingia ubavu mmoja na kutokea ubavu wa pili. Muundo wa ubavuni huleta shida katika kabati nyembamba, kwani hewa moto inayotoka hugonga ukuta wa kabati na kurudi kuingia tena. Chasisi mbili zikipangwa bega kwa bega, ya pili huvuta pumzi ya ya kwanza.

Ni hapa ambapo kosa dogo kuliko yote hufanya madhara. Nafasi isiyo na kadi hufunikwa kwa bamba la bati lisilo na kazi nyingine, na fundi anapochomoa kadi mbovu mara nyingi huliacha tundu wazi akingoja kadi mpya. Hewa, kama maji, hufuata njia nyepesi. Badala ya kupita katikati ya kadi zinazochemka, feni huivuta kupitia tundu hilo na kuitoa nje bila kupoza chochote. Kadi za jirani huanza kupanda joto ingawa feni zinazunguka kwa kasi yake yote. Wahandisi hukadiria kwamba umri wa baadhi ya vifaa vya umeme, hasa kapasita, hupungua kwa nusu kwa kila nyongeza ya nyuzi kumi. Bamba la bati la shilingi chache linaweza kuamua iwapo kadi itaishi miaka minane au minne.

Vumbi huja na joto. Chembe laini za udongo wa Kaskazini Mashariki hupenya kila penye upenyo, hujikusanya kwenye chujio la hewa na kuliziba. Chasisi zenye chujio hudai lisafishwe kwa ratiba, na ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya jiji lenye lami haifai mji wenye barabara za mchanga. Katika miezi ya kiangazi hewa kavu huongeza hatari nyingine: umeme tuli unaojilimbikiza mwilini mwa fundi anapotembea. Cheche ambayo yeye hata haihisi yatosha kuidhuru saketi, na kadi ikaja kufa wiki tatu baadaye bila sababu inayoonekana. Chasisi huwekewa tundu maalumu mbele la kuchomekea mkanda wa mkononi unaoupeleka umeme huo ardhini. Mara nyingi mkanda wenyewe hubaki ndani ya karatasi yake.

Kuhusu umeme, hadi katikati ya miaka ya 2010 mji wa Garissa ulitegemea mitambo ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, nazo Wajir na Mandera zimeitegemea dizeli kwa muda mrefu zaidi. Kiwanda cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa takriban megawati 55, kilifunguliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia kwenye gridi, na gridi ikizimika mji huzimika nayo.

Chasisi ya ruta huwa na vifaa viwili vya umeme au zaidi, kila kimoja kikiwa na waya wake. Kimoja kikiharibika, kingine hubeba mzigo peke yake. Hesabu hii husahauliwa mara nyingi. Tuseme kuna vifaa viwili vya wati 600 kila kimoja. Siku ya kwanza kadi zilizomo hutumia wati 400, na usalama ni kamili. Miaka inapita, kadi zinaongezwa, matumizi yanafika wati 900. Ruta inaendelea kufanya kazi vizuri kwa sababu vifaa vyote viwili vinagawana mzigo, na hakuna taa nyekundu inayowaka. Siku kimoja kitakapokufa, kile kilichobaki kitaelemewa na sanduku lote litazimika. Ulinzi ulikuwa umeondoka zamani bila kuaga.

Kosa la pili ni la aibu zaidi: nyaya mbili za umeme kuchomekwa kwenye soketi moja ya ukutani. Vifaa viwili vya umeme vina maana vikilishwa na vyanzo viwili, kimoja kutoka gridi na kingine kutoka betri au jenereta.

Kampuni za simu zilikwisha kulitatua jambo hili kwa njia yao. Mitambo yao haitumii umeme wa volti 240 wa ukutani, bali ule wa betri wa volti 48, ambapo upande chanya ndio uliounganishwa na ardhi ili kupunguza kutu kwenye nyaya. Betri nne za volti 12 zikifuatana hutoa volti hizo. Gridi, dizeli au paneli za jua huzijaza betri, na ruta hunywa kutoka kwenye betri wakati wote, hivyo kuzimika kwa gridi hakuonekani hadi betri zikauke. Chasisi nyingi za moduli huuzwa zikiwa na nafasi ya kupokea kifaa cha umeme cha aina yoyote kati ya hizo mbili. Kwa kituo kinachotegemea jua nje ya mji, uchaguzi huo una uzito kuliko kasi ya prosesa.

Mfano wa karibu wa faida ya kuwa na ruta mahali panapofaa ulionekana Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka Garissa. Kambi hizo zilianzishwa mwaka 1991, na njaa ya Somalia ya 2011 iliongeza wakimbizi hadi karibu nusu milioni. Mashirika ya misaada yalitegemea setilaiti, kila moja na dishi lake. Barua pepe kutoka ofisi moja kwenda ofisi ya jirani ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 35,786 angani, ikashuka bara jingine, kisha ikarudi kwa njia hiyo hiyo ili kuvuka ua. Muungano wa NetHope, shirika la Inveneo na kampuni ya Cisco walishirikiana kujenga mtandao wa redio wa pamoja, DadaabNet, uliowezesha data ya jirani kubaki kwa jirani. Anga haikubadilishwa. Kilichoongezwa ni kitu hapo chini kinachojua kwamba anwani hii ni ya hapa.

Nyaya za faiba nazo zilifika. Serikali iliujenga mkongo wa taifa uitwao NOFBI kuanzia 2007, na mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa. Baada ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, awamu ya pili ililenga kuyafikia makao makuu ya kaunti zote 47. Lakini faiba ni uzi wa kioo tu. Upana wake hutumika kwa kiasi kile ambacho kadi iliyo kwenye ncha yake inaweza kukimeza, na faida ya moduli hapa ni ya moja kwa moja: uzi ule ule uliozikwa ardhini huongezewa uwezo mara kumi kwa kubadilisha kadi na kioo chake cha mwanga katika ncha mbili, bila kuchimba mtaro hata wa mita moja.

Bila shaka muundo huu una gharama. Chasisi yenye nafasi nane iliyonunuliwa ikiwa na kadi mbili ni ghali kuliko ruta mbili ndogo zenye uwezo ule ule. Afisa hununua nafasi sita tupu akiwa na matumaini ya kuzijaza. Miaka sita baadaye anapopata bajeti, mtengenezaji ameacha kuunda kadi zake, na kadi za chasisi mpya haziingii katika ya zamani. Kadi za kampuni moja haziingii kabisa katika chasisi ya kampuni nyingine. Aliyenunua sanduku amejifunga kwa muuzaji hadi sanduku litakapozeeka, na muuzaji analijua hilo anapoandika bei ya kadi ya tatu.

Tena kuna aina ya hatari ambayo chasisi yoyote haiwezi kuizuia. Prosesa mbili, feni sita na vifaa vinne vya umeme vyote vimo ndani ya sanduku moja, ndani ya chumba kimoja. Moto ukiwaka humo, au trekta la mjenzi wa barabara likaukata uzi pekee wa faiba, maandalizi ya ndani hayasaidii kitu. Kwa sababu hiyo wahandisi wengi wangechagua, kwa fedha zile zile, ruta mbili za wastani katika majengo mawili, moja ikitoka kwa faiba na nyingine kwa redio, badala ya sanduku moja la fahari. Kwa makao ya kaunti yenye ofisi zilizotawanyika, hoja hiyo ni nzito. Kwa kampuni ya simu inayokusanya minara ya wilaya nzima mahali pamoja, chasisi kubwa bado haina mbadala.

Umbali nao una hesabu ya pekee katika eneo hili. Shambulio dhidi ya basi karibu na Mandera lililoua watu 28 Novemba 2014, lile la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua 148 tarehe 2 Aprili, 2015, na uharibifu wa mara kwa mara wa minara ya simu unaofanywa na Al-Shabaab, vimefanya safari ya fundi kuwa jambo la kupangwa pamoja na maafisa wa usalama. Katika miji mingine mkataba wa kupata kipuri ndani ya saa nne huonekana ni jambo la kawaida. Kutoka Garissa hadi Mandera hakuna saa nne za aina hiyo. Kadi ya akiba inayofaa ni ile iliyokwisha kufika, iliyomo kabatini katika mji ule ule, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na ambayo programu yake imelinganishwa na ile iliyomo kwenye ruta. Kadi ya akiba yenye programu ya zamani inaweza kukataliwa na chasisi siku ya haja, na ili kuiboresha huhitajika mtandao ule ule uliokatika.

Sasa faiba nyingine inapangwa kufuata barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, sehemu ya mradi wa Horn of Africa Gateway ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 750 mwaka 2020. Ushoroba huo una urefu wa kilomita 740 hivi, na uzi wa kioo wa urefu huo huhitaji vituo vya kuupa mwanga wake nguvu mpya njiani, mahali ambapo pengine hakuna gridi wala kipoza hewa. Katika kila kituo patasimama kabati, na katika kila kabati chasisi. Mtu atakayeandika zabuni ya vituo hivyo atajaza mistari michache kuhusu kiwango cha juu cha joto, aina ya umeme, upande ambao hewa itaingilia, na idadi ya kadi za akiba zitakazowekwa Wajir badala ya Nairobi.